Kichwa cha Ukurasa wa Mama Edmond

Hombo, pale barabara ya Bukavu inapovuka mto kuingia Walikale, hakuna mtu anayeitwa kwa jina la kwenye kadi. Dereva huitwa kwa jina la lori lake. Muuza mawese huitwa kwa jina la kijiji alikotoka. Na mwanamke aliyezaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, hata kama mtoto huyo amekua akawa mwizi wa kuku. Mama Fulani atabaki Mama Fulani mpaka kaburini. Constance peke yake aliitwa Constance, kavu kavu, kama mwanafunzi anayeitwa na mwalimu asubuhi.

Alijitakia mwenyewe. Siku aliyofika, vumbi la njia likiwa limemjaa mpaka kwenye kope, wanawake wa sokoni walimuuliza kama ilivyo desturi, "Weye njo mama ya nani?" Akajibu kwamba hana mtoto. Wale wanawake si wajinga. Waliona jinsi alivyogeuka kila mtoto wa mtu alipoita "Mama!" kati ya mafungu ya mihogo. Lakini mgeni akifunga mlango wake, huwezi kuupiga teke. Wakamwita Constance, wakamwachia yake.

Alipanga chumba nyuma ya nyumba ya mjane mmoja asiyesikia vizuri. Humo alikuwa na sufuria moja ndogo, sahani moja na kijiko kimoja. Jioni alisonga fufu yake ya unga wa mihogo, akala na sombe, yaani majani ya mihogo, huku ameupa mlango mgongo ili asione watu wakipita wawili wawili. Lugha ya kwao Ngungu, kule Masisi, hakuwa na wa kuzungumza naye, basi alizungumza na sufuria: chemka basi, unaringa nini? Siku ambayo sufuria ilichemka upesi, alikosa hata neno hilo la kusema. Upweke una vichekesho vyake, ila mwenye nao hacheki.

Mchana alifanya kazi kwa Papa Édouard, mwenye kibanda cha mbao kando ya barabara, ambamo watu hupigisha barua chapa, hutoa fotokopi na kuchaji simu. Juu ya bati kuna paneli ya jua, ndani kuna kompyuta mbili, moja ikiwa mgonjwa siku zote. Constance alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Masisi, kwa hiyo maneno yalimtii, na Papa Édouard alimheshimu kwa sababu hakuwahi kumsikia akisengenya mteja.

Mzee huyo alikuwa na jambo lake. Mdogo wake alikwenda kuchimba madini Omate, simu ikakatika, kimya. Katika kumtafuta, Papa Édouard akafungua tovuti, akaiita Tutaonana, ili kila aliyepotezana na ndugu zake, iwe vitani au machimboni, aweke tangazo lake pale bila kulipa. Mdogo wake alipatikana baadaye Kisangani, mzima wa afya, akiwa na wake wawili, na hakufurahi hata kidogo kupatikana. Lakini tovuti ilikuwa imeshazaliwa, na kilichozaliwa hakirudi tumboni.

Mwanzoni tovuti hiyo haikumkutanisha mtu hata na kuku wake. Sababu ilikuwa adabu. Papa Édouard ni shemasi, na shemasi haingii kwa watu bila hodi. Kila ukurasa aliuanza kwa kichwa kikubwa: TUNAWASALIMU WOTE KATIKA JINA LA BWANA. Chini yake zikafuata pole kwa wenye misiba, shukrani kwa wasomaji na habari ya mvua. Chini kabisa, karibu na mlango wa kutokea, ndipo lilipokuja jina la aliyepotea. Ukiwa umepotea kweli, ulikuwa na nafasi nzuri ya kuendelea kupotea.

Constance ndiye aliyempigia simu Jean-Claude, fundi wa Goma aliyewauzia zile kompyuta, kumuuliza mbona watu wanaandika majina ya ndugu zao kwenye simu na tovuti haiwatokei. Jean-Claude alizifungua kurasa zote akiwa kule kule Goma, akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, ile mashini ya kutafuta haingojaka salamu," alisema. "Inasoma kwanza titre kubwa, ile kichwa ya juu, inasoma batitre badogo ya chini, njo inajua page iko ya nini. Sasa ninyi, page yenu yote iko na titre moja. Kwa mashini, Hombo yote muko na muntu moja tu mwenye alipotea, na jina yake ni Salamu."

"Sasa tufanye namna gani?"

"Kila muntu na page yake. Titre kubwa ikuwe moja, na iko na maneno yenye mwenye kutafuta ataandika. Chini yake muweke batitre badogo: alipotea wapi, alikuwa na nani, banaweza kumupata namna gani. Maneno ya kweli, Mama. Siyo mapambo."

Constance alilielewa jambo hilo kwa njia ya soko. Mfanyabiashara akishuka kwenye lori hafungui kila gunia; hutazama kile kilichoachwa kionekane mdomoni mwa gunia, akiona maharagwe anajua ni maharagwe, anasogea. Papa Édouard ndiye aliyekuwa mgumu. "Kuingia mu nyumba ya batu bila hodi? Miye, Édouard?" Walibishana juma zima, kisha wakapatana kwamba salamu zihamie mwisho wa ukurasa, watu waagane vizuri hata kama hawakusalimiana.

Basi Constance akakaa, akavunja kurasa zote na kuzijenga upya. Kila aliyepotea akapata ukurasa wake, kichwa kimoja kikubwa, na vichwa vidogo chini yake vikifuatana kama vyumba vya nyumba moja: hapa aliishi, hapa aliachana na wenzake, hapa ndipo pa kupiga simu. Papa Édouard aliongeza sheria yake moja, na ilikuwa ya busara. Alisema alama moja ya kila mtu isiandikwe, ibaki moyoni mwa mwenye tangazo, ili tapeli akipiga simu na kujiita ndugu aulizwe hiyo alama, ashindwe.

Na watu wakaanza kupatikana. Mchimbaji wa Omate akapata simu ya mama yake aliyemdhania amefukiwa shimoni. Mapacha wawili wa Ngungu wakakutana mbele ya kile kibanda, wakashikana mashati kama wanaopigana, kumbe wanalia. Kila ilipotokea hivyo, Constance aliwapa wageni kiti, akawapa maji, akatoka kusimama nyuma ya kibanda mpaka wamalize kulia. Alirudi akiwa ameosha uso. Papa Édouard aliona, akajifanya anatafuta karatasi.

Kwa sababu kati ya kurasa zote za Tutaonana, uliopangwa vizuri kuliko zote ulikuwa na namba ya simu ya Constance mwenyewe. Kichwa chake kilisema: Tuyishime Astrid, msichana wa Ngungu, anatafutwa na mama yake Muhawenimana Constance. Papa Édouard aliuona siku ulipowekwa, na hakuuliza, maana mtu aliyesema hana mtoto ana haki ya kubadili maneno yake wakati wake ukifika.

Ilikuwa hivi. Siku moja ya soko Ngungu, Astrid akiwa katika umri wa kung'oka meno ya utoto, risasi zililia juu ya kilima. Constance alikuwa na watoto wake wawili, Edmond wa kwanza na Astrid wa pili. Baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kandambili moja ya Astrid ilikatika walipoanza kukimbia, na Edmond akavua moja ya kwake, akamvisha dada yake kwa nguvu, akabaki na mguu mmoja mtupu. Wakati Constance, aliyekuwa ameinama kuwasaidia, anainuka kuwashika mikono, watu wakawapitia katikati. Jirani yao Laetitia alimbeba Astrid kuelekea Sake. Constance na Edmond walisukumwa upande wa pili, chini, kwenye njia ya msitu ya Ziralo, na kurudi nyuma kulikuwa kufa.

Edmond aliugua homa njiani. Alikufa asubuhi moja akiwa ameegemea paja la mama yake, anauliza kama Astrid amekula. Wanaume wasiowajua walichimba kando ya njia, wakamfukia, wakasema, "Mama, tuende, banakuya nyuma." Constance akaenda.

Kwao, mtu akifa, watu huja wakaketi chini na wafiwa. Hulala pale, hula pale, hulitaja jina la marehemu asubuhi na jioni, husimulia alivyokuwa mkorofi na alivyokuwa mwema, mpaka jina lizoee tena kutamkwa bila kumkata mtu pumzi. Hiyo ndiyo kazi ya kilio. Edmond hakukaliwa kilio. Jina lake lilibaki bichi, na mama yake alipofika Hombo hakuweza kulisikia likitoka mdomoni mwa mwanamke anayeuza mihogo. Ndiyo maana alisema hana mtoto. Haikuwa uongo wa hila. Ilikuwa njia ya kuvuka siku ile.

Aliamini kwamba Astrid yuko hai. Aliamini bila ushahidi, kwa ukaidi, jinsi wazazi wanavyoamini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alizisikia habari kwamba waliopita Sake wengine waliingia kambi za Goma, wengine walivuka mpaka. Alihesabu kwamba msichana huyo sasa amekua, ana simu, anajua kuandika. Kwa hiyo ataandika kitu kwenye simu hiyo, na siku atakapoandika, ukurasa lazima uwe tayari unamngoja.

Kila mtandao uliposhika vizuri, Constance alitazama kama kuna mtu aliyeufungua ukurasa wa Astrid. Kila mara aliyeufungua alikuwa yeye mwenyewe.

Akaurekebisha. Akafupisha kichwa, akaongeza jina la kilima, akatenganisha aya zilizobanana, akaweka kichwa kidogo juu ya kila jambo kama Jean-Claude alivyosema. Aliandika jina la Laetitia. Akangoja. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Yeye hakuwa amepata, na ruhusa ya kuchoka hakuwa nayo. Jumapili baada ya misa alisimama darajani akitazama maji ya Hombo yakipita, watu wakimsalimu, "Jambo, Constance," akiitika kwa sauti ya mtu aliye mbali.

Ndipo siku moja akashuka kwenye lori la Kisangani msichana mmoja mfanyabiashara wa mawese, kitenge kimechakaa magotini kwa kukaa juu ya madumu. Aliingia kibandani akasimama mlangoni.

"Jambo, Mama. Miye njo Shekinah. Banasema hapa banatafutaka batu."

"Njo kazi yetu, dada. Karibu, ukae. Unatafuta nani?"

"Mama yangu."

"Jina yake?"

"Mama Jean de Dieu."

"Ile ni jina ya kumuita tu," Constance alisema, vidole vikiwa tayari. "Unipe jina yake ya kadi."

Shekinah alimtazama kwa mshangao, akatabasamu kama anayemhurumia. "Mama, batu bametutawanya nikiwa mudogo. Mutoto gani anaita mama yake na jina ya kadi? Miye nilikuwa nasikia tu hivi: Mama Jean de Dieu, kuya huku, Mama Jean de Dieu, uko na chumvi? Jean de Dieu ni kaka yetu mukubwa. Jina ingine siijue."

"Na ukitafuta mu telefone, unaandikaka nini?"

"Ile ile. Mama Jean de Dieu, na jina ya kijiji yetu."

"Haujaandika jina yako weye?"

Sasa Shekinah akacheka waziwazi. "Jina yangu ya nini? Miye sikupotea, Mama. Najua kwenye niko."

Vidole vya Constance vikasimama juu ya herufi. Fotokopi ya Papa Édouard iliendelea kukohoa, nje lori likapiga honi, na yeye akabaki ameitazama skrini mpaka Shekinah akauliza kama umeme umekatika. Akajikaza, akaandika ukurasa wa yule msichana mpaka mwisho, vizuri, kichwa na vichwa vidogo, akamtakia baraka za safari. Kisha akainama, akaweka paji la uso juu ya meza.

Astrid hajitafuti. Jambo dogo kama hilo, na miaka yote hakuliona. Astrid anajua aliko. Akishika simu hataandika Tuyishime Astrid, kwa sababu Tuyishime Astrid ndiye ameshika simu. Ataandika jina la mama yake, na mama yake, mbele ya mtoto yule, hakuitwa Constance hata siku moja. Muhawenimana Constance ni mtu wa orodha za mishahara ya walimu. Kule Ngungu, kuanzia sokoni mpaka kanisani, alikuwa na jina moja tu. Jean-Claude alimwambia: maneno ya mwenye kutafuta. Na yeye, kwa uchungu wake, alidhani mwenye kutafuta ni yeye peke yake.

Kubadili kichwa cha ukurasa si kazi. Unafuta, unaandika, basi. Constance alifuta. Akaandika "Mama". Hapo mkono ukakataa. Alijaribu asubuhi iliyofuata, ukakataa tena; aliweka herufi ya kwanza akaifuta kama mtu aliyegusa chungu cha moto. Ukurasa ukabaki siku kadhaa na neno moja juu yake, Mama, bila mwenyewe.

Papa Édouard ndiye aliyesema mwishowe. Alivuta kigoda, akaketi kwa uzito wake wote.

"Constance, ile page ya Astrid. Titre yake haijaisha."

"Najua, Papa."

"Iko nini?"

Mteja aliingia, akaona nyuso zao, akatoka. Kisha Constance akasema, akiitazama sakafu, "Papa, mutoto wangu ya kwanza alikuwa Edmond."

"Alikuwa?"

"Alikuwa."

Papa Édouard alivua kofia yake akaiweka juu ya goti. "Pole sana, Mama." Kisha akauliza, "Na kilio ilikaliwa wapi?"

"Haikukaliwa."

Mzee akatikisa kichwa pole pole. Alikuwa shemasi, alikuwa amezika wengi. "Utaandika mu page kama alikufa?"

"Hapana. Mutoto asisome ile mambo mu telefone, yeye peke yake, bila muntu ya kumushika." Akavuta pumzi. "Lakini jina nitaandika."

Akapiga moyo konde, akaandika, Papa Édouard akiwa ameketi pale pale. Kichwa kikubwa: Mama Edmond wa Ngungu anamtafuta binti yake Astrid. Chini yake kichwa kidogo: Nyumba ya Mama Edmond ilikuwa wapi Ngungu, akaeleza miti ya mikaratusi, njia ya kushukia sokoni, shule aliyofundisha. Kisha: Siku Mama Edmond alipoachana na Astrid. Kisha: Namna ya kumpata Mama Edmond sasa. Chini akayarudia yote kwa lugha ya kwao, maana hakujua ni lugha ipi iliyobaki kinywani mwa mtoto. Kandambili hakuitaja. Ilikuwa ndiyo alama yake, ile inayobaki moyoni. Alikuwa amelitaja jina lile mara nyingi kuliko miaka yote tangu alipoliacha kando ya njia ya Ziralo.

Hombo ni mji mdogo. Wanaokuja kuchaji simu husoma kila kilicho kwenye skrini, na waliokisoma walikwenda nacho sokoni. Kesho yake mwanamke wa mihogo, bila nia mbaya, alimwambia, "Mama Edmond, uchague hii, njo iko safi." Constance aliiacha mihogo, akaenda zake, akalala na njaa. Siku nyingine alivumilia mpaka akalipa. Mwishowe akawa anaitika kwa kichwa. Wale wanawake walikuwa wamelisubiri jina hilo miaka yote, na walimpa kwa ukarimu, hawakujua kila mara wanampa nini.

Chumba chake kikazidi kuwa kikubwa. Awali upweke wake ulikuwa wa mtu asiye na mtu. Sasa ulikuwa na majina mawili ndani, na wenye majina hawapo. Sufuria hakuisemesha tena. Mvua ilinyesha, barabara ikaoza, malori yakalala kwenye matope na mtandao ukawa wa kubahatisha. Shekinah alirudi akiwa na jogoo mkononi: mama yake amepatikana, yuko Walikale mjini, anauza ndizi, jirani yake alikuwa ameona ule ukurasa. Constance alimpokea jogoo, akamkumbatia msichana, akafurahi kweli, na akamwonea wivu kweli, vyote viwili kwa moyo mmoja. Asiyewahi kuonja hayo asimcheke.

Simu iliita mchana mmoja, jua likiwa kali, watu wamejipanga mstari kwa fotokopi za karatasi za shule. Namba ilikuwa ya nje, ya Uganda. Constance aliipokea huku mkono mwingine ukiwa umeshika karatasi za mtu.

"Allo?" Sauti ya msichana, ya mbali, inayokatika. "Hapo ni kwa Mama Edmond?"

Mdomo wake, kwa mazoea, ulitaka kusema umekosea namba. Akaushinda.

"Njo miye," alisema. "Miye njo Mama Edmond."

Constance alikumbuka sheria ya alama, akataka kuuliza. Haikuhitajika.

"Mama," ile sauti ikasema, sasa inakimbia, inajikwaa, "Mama, njo miye Astrid. Nimeandika vile balikuwa banakuita, mara mingi, leo njo imetoka, jina yako iko juu kabisa. Mama, Edmond iko hapo? Mumupe telefone. Nimuambie kandambili yake niko nayo. Mukanda ilikatika, lakini niliichunga. Muambie niliichunga."

Karatasi zikamtoka mkononi. Constance aliketi chini, hapo hapo kati ya miguu ya watu. Mtoto amempata kwa jina la Edmond, na sasa anamwomba mwenye jina. Uongo ulimjia, tena uongo mzuri, mpole: kaka yako iko ku shamba, atakuya. Ungempa siku moja ya furaha. Lakini alijua uzito wa kubeba jambo lile peke yake, na alijua pia kwamba dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye haki ya kulibeba pamoja naye.

"Astrid," alisema. "Mutoto wangu. Edmond haiko. Alikufa mu njia, ku Ziralo, siye tukikimbia. Alikufa akikuuliza kama umekula. Batu ya njia njo balimuzika. Miye nilikuwa peke yangu, bila ndugu."

Kilichotoka kwenye simu hakikuwa neno. Na Constance, ambaye Hombo nzima hawakuwahi kumsikia akipaza sauti, aliweka mikono kichwani akalia kama wanavyolia kwao, kwa sauti yote, akiliita jina la Edmond. Papa Édouard alizima fotokopi. Aliokota simu, akaiweka juu ya kigoda ili sauti ya mtoto isikike, akatandika mkeka wake wa kupumzikia mbele ya kibanda.

Wanawake wa sokoni walikuja mbio, mikono ina unga wa mihogo. "Nani amekufa?" waliuliza.

"Edmond," Papa Édouard alijibu. "Mutoto ya kwanza ya Mama Edmond."

"Amekufa leo?"

"Zamani. Lakini kilio njo ya leo."

Walitazamana, na hakuna aliyeuliza zaidi. Waliweka vikapu chini. Wenye watoto mgongoni wakawafungua. Mmoja mmoja wakaketi chini kumzunguka, mabega yakigusana, mpaka waliokuwa wamekuja kwa fotokopi nao wakaona aibu kusimama, wakaketi. Walilia naye, na kwenye kigoda Astrid akalia nao kutoka Uganda, sauti ikikatika na kurudi.

Kilio kilipotulia kidogo, yule mwanamke wa mihogo alimpangusa uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Mama Edmond," alimwambia, "utuambie sasa. Alikuwa mutoto wa namna gani?"

Na simu ikanyamaza nayo, inasikiliza.